Karatasi za Jefferson: ni za rais au ni za nchi?

Agosti 2022, FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walipopekua nyumba ya Donald Trump huko Florida, wakati huo akiwa ameshatoka urais, na kutoka na maboksi ya karatasi, kundi letu la WhatsApp lilipasuka vipande viwili kabla ya magharibi. Upande mmoja ulisema karatasi za Ikulu ni mali ya serikali, ukiondoka nazo umeiba. Upande wa pili ukajibu kwamba marais wa Marekani wamekuwa wakiondoka nazo tangu George Washington, sasa leo imekuwaje? Akaingia mzee wetu mmoja mstaafu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne: "Wanangu, hata mimi nilipostaafu niliondoka na mafaili yangu, na hakuna aliyeniuliza."

Hapo nikacheka peke yangu, maana nilianza kazi masjala, chumba cha kutunza majalada ya ofisi, na ninawajua wazee wa namna hiyo. Lakini mzee alikuwa amegusa penyewe bila kujua. Hilo neno "yangu" ndilo lenye kesi yote. Na kila upande kwenye lile kundi ulikuwa umeshika ukweli, ila kila mmoja ulishika wa zama zake.

Ili tuelewane, tuanze na maneno. Kumbukumbu ni karatasi iliyozaliwa na kazi ya ofisi: barua iliyopokelewa, jibu lake, dokezo la bosi pembeni, muhtasari wa kikao. Siku hizi hata barua pepe na ujumbe wa simu vimo. Nyaraka ni zile kumbukumbu chache ambazo, baada ya kuchujwa, zimeonekana zinafaa kutunzwa milele. Karatasi binafsi ni za mtu mwenyewe: barua ya mama yake, shajara yake, hesabu za shamba lake, risiti ya fundi.

Aliyekaa masjala anajua mpaka wenyewe unavyoonekana. Barua ikiingia inagongwa muhuri wa kupokelewa, inapewa namba ya folio, inafungwa ndani ya jalada, na jalada linaandikwa kwenye daftari kila linapohama meza. Bosi anapita, jalada linabaki. Kinachotutia matatizo ni kile kikaratasi ambacho bosi huandika kwa mkono wake, hakina kumbukumbu namba wala nakala, akampa dereva ampelekee bosi mwenzake: "Hili jambo limalizeni kabla ya Ijumaa." Ni barua binafsi hiyo, au ni ya kikazi? Haikupita masjala, lakini imeamua jambo. Shikeni hicho kikaratasi, tutakirudia.

Nimemchagua Thomas Jefferson kuwa mfano wetu kwa sababu moja: hakuna rais wa mwanzo wa Marekani aliyeandika sana na kutunza sana kama yeye. Alikuwa rais wa tatu, kuanzia 1801 hadi 1809, na katika maisha yake inakadiriwa aliandika barua kama 19,000. Kwa mkono. Kwa manyoya ya bata yaliyochongwa ncha. Na ofisi yake haikuwa na masjala kama tunavyoifahamu. Alikuwa na katibu mmoja, ambaye mwanzoni alikuwa Meriwether Lewis, yule aliyekuja kuongoza msafara wa kwenda magharibi hadi bahari ya Pasifiki. Bunge la Marekani halikutenga fedha ya mshahara wa katibu wa rais mpaka 1857. Kabla ya hapo rais alimlipa katibu wake kutoka mfukoni mwake. Sasa kama karani ni wako na meza ni yako, nani atakuambia barua zilizomo si zako?

Jefferson hakutegemea karani kunakili barua zake. Kuanzia 1785, akiwa balozi Ufaransa, alitumia mashine ya kubana iliyobuniwa na James Watt, huyu huyu wa injini ya mvuke. Unaandika barua kwa wino maalumu usiokauka haraka. Unalaza juu yake karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, iliyoloweshwa kidogo. Unabana. Wino unapanda kwenye ile karatasi ya juu, maandishi yakiwa kinyumenyume, lakini kwa kuwa karatasi ni nyembamba unaigeuza na kuyasoma kwa mgongoni yakiwa sawasawa. Anayekumbuka vitabu vya risiti vya karatasi ya kaboni atalielewa wazo, ila hapa nakala inatoka baada ya kuandika.

Mwaka 1804 akahamia kwenye kifaa alichokipenda zaidi, kilichoitwa poligrafu. Leo jina hilo tumelizoea kwenye mashine ya kupima uongo, lakini ya Jefferson haikuwa na uhusiano nayo. Ilikuwa meza ndogo yenye kalamu mbili zilizounganishwa kwa mikono ya mbao yenye viungo. Unashika kalamu moja, unaandika. Ya pili inafuata kila mkunjo wa mkono wako kwenye karatasi ya pembeni, kama mtoto wa madrasa anayefuatisha mkono wa mwalimu. Alikuwa nayo moja Washington na nyingine nyumbani kwake Monticello, Virginia.

Hapa ndipo penye mkanganyiko wa kwanza ambao watu wengi hawaushtukii. Unaposikia makumbusho yana "barua halisi ya Jefferson", uliza: halisi ipi? Kuna rasimu, yenye makosa na mafuto. Kuna ile iliyotumwa, ambayo ilikwenda kwa mpokeaji na kukaa kwenye mtoto wa meza wa familia ya watu wengine. Kuna nakala ya mashine iliyobaki kwake. Zikiwa barua za kibalozi kuvuka bahari, mara nyingi zilitumwa nakala mbili au tatu kwa meli tofauti, maana meli zilizama na maharamia walikuwepo. Za poligrafu ndiyo kabisa: zote mbili ni mkono wake, wino wake, dakika ile ile. Kwa hiyo barua moja inaweza kuwa na "halisi" kadhaa katika miji tofauti, na wote wanaozionyesha wanasema kweli. Kazi ya wahariri ni kuzikusanya zote, kuzilinganisha neno kwa neno, na kusema ni wapi zinapishana. Ndiyo maana mradi wa kuchapisha karatasi zake ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1943 ulitoa juzuu ya kwanza 1950, na zaidi ya nusu karne baadaye juzuu zilikuwa bado zinatoka. Watu huuliza wanachelewa nini. Wanachelewa kusoma.

Na alikuwa na masjala yake kichwani. Kuanzia Novemba 1783 aliandika daftari la kila barua aliyotuma na kila aliyopokea, na tarehe zake, akaendelea nalo hadi 25 Juni 1826, siku tisa kabla hajafa. Kurasa 656. Thamani kubwa ya daftari hilo ni kwamba linaorodhesha hata barua zilizopotea. Ni kama rejista ya mahudhurio: ukiita jina na hakuna anayejibu, unajua kuna mtu hayupo.

Sasa turudi kwenye kikaratasi cha dereva.

Mwaka 1802 Marekani ilikuwa na hofu. Ufaransa ya Napoleon ilikuwa imepewa tena na Hispania eneo la Louisiana, pamoja na bandari ya New Orleans, ambako mazao ya wakulima wa magharibi yalipitia kutoka mto Mississippi. Balozi wa Marekani mjini Paris alikuwa Robert Livingston. Kwa utaratibu, maelekezo yake yalitoka kwa Waziri wa Mambo ya Nje, James Madison, na ndivyo ilivyokuwa: yaliandikwa, yakawekewa kumbukumbu. Lakini tarehe 18 Aprili 1802 Jefferson akakaa akamwandikia Livingston barua yake mwenyewe. Humo alisema waziri ameshaandika kwa kirefu, ila yeye ameshindwa kujizuia kulirudia suala hilo. Kisha akamwaga yaliyomo moyoni: siku Ufaransa itakapoikalia New Orleans, Marekani italazimika kufunga ndoa na jeshi la majini la Uingereza. Kwa mtu aliyeandika Tamko la Uhuru dhidi ya mfalme wa Uingereza, maneno hayo yalikuwa mazito.

Barua hiyo hakuitia kwenye mfuko wa serikali. Alimkabidhi rafiki yake Mfaransa, Pierre Samuel du Pont de Nemours, aliyekuwa anasafiri kwenda kwao. Na aliiacha wazi, bila kuifunga, ili Du Pont aisome njiani. Yaani "barua binafsi" kwa balozi ilikusudiwa isomwe na Mfaransa mwenye marafiki wakubwa Paris, ili hofu ya Marekani iwafikie Wafaransa bila Marekani kuonekana imetisha mtu. Mwaka uliofuata Ufaransa iliuza Louisiana yote. Sababu zilikuwa nyingi, ikiwemo kushindwa kwa jeshi la Napoleon huko Haiti, lakini ukitaka kujua Ikulu ilikuwa inawaza nini, jalada rasmi halikutoshi. Kikaratasi cha dereva ndicho kilichobeba uzito.

Rasimu nazo zina siri zao. Tarehe 1 Januari 1802 Jefferson aliwajibu Wabatisti wa Danbury, jimbo la Connecticut, waliomwandikia kulalamika kwamba jimboni kwao uhuru wa dini wanaupata kwa hisani ya dhehebu kubwa na si kwa haki. Katika jibu lake ndimo ulimo msemo ambao Wamarekani wanaugombania hadi leo, wa "ukuta wa utengano" kati ya kanisa na dola. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliunukuu 1879, ikaunukuu tena 1947, na kila uchaguzi ukikaribia kuna mtu anausimamia na mwingine anaupinga.

Rasimu ya barua hiyo ipo Maktaba ya Bunge mjini Washington, na ina mistari iliyofutwa kwa wino mzito. Mwaka 1998 maktaba iliipeleka kwenye maabara ya FBI, wale wale wa kuchunguza hundi za kughushi, na mistari ikasomeka. Tukajua kwamba mwanzoni alikuwa ameandika ukuta wa utengano "wa milele", akalikata lile neno. Pia alikuwa ameandika maelezo kwa nini yeye hatangazi siku za kitaifa za kufunga na kushukuru kama watangulizi wake. Akaipitisha rasimu kwa mwanasheria wake mkuu, Levi Lincoln, kisha akaifuta sehemu hiyo. Pembeni kabisa, kwa mkono wake, akaandika sababu ya kuifuta: ingewaudhi wafuasi wa chama chake katika majimbo ya mashariki, ambako matangazo hayo ni desturi ya zamani. Siasa tupu. Aliyepokea barua Danbury hakuona hata moja ya hayo. Sasa anayesema "Jefferson alimaanisha hivi" anatakiwa kwanza aseme anasoma karatasi ipi.

Siku hiyo hiyo, kwa bahati, Jefferson alipokea jibini. Si utani. Wabatisti wengine, wa mji wa Cheshire huko Massachusetts, walimletea jibini moja la ratili 1,235, zaidi ya kilo 550, likiletwa na mhubiri wao John Leland. Jefferson alilipokea kwa shukrani na akamlipa Leland dola 200, kwa sababu alikuwa na msimamo wa kutopokea zawadi akiwa madarakani.

Nimelitaja jibini kwa sababu habari ya zawadi inatuleta kwenye pwani yetu, na inaonyesha vizuri njia ambayo karatasi rasmi hupita.

Septemba 1833, Andrew Jackson akiwa rais, mjumbe wake Edmund Roberts alitia saini na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, mkataba wa biashara mjini Muscat. Meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zinafuata pembe za ndovu na sandarusi Zanzibar, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akaja Unguja kuwa konsuli wa kwanza wa Marekani. Kisha Sayyid Said akaipeleka meli yake mwenyewe, Sultana, hadi New York. Ilitia nanga 30 Aprili 1840, na aliyekuwa mkuu wa ujumbe ni Ahmad bin Na'aman, ambaye picha yake ya rangi ilichorwa huko huko New York na watu wa mji wakajaa bandarini kumtazama. Ilibeba karafuu, pembe, kahawa na tende za kuuza, na pamoja nazo barua na zawadi kwa Rais Martin Van Buren, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu.

Van Buren akakwama. Katiba yao inakataza mwenye madaraka kupokea zawadi ya mtawala wa nje bila idhini ya Bunge. Hakuweza kufanya kama Jefferson akalipia, maana hiki hakikuwa kitoweo cha wananchi wake. Akalipeleka suala Bungeni kwa barua, na Julai 1840 Bunge likapitisha azimio: vinavyofaa kutunzwa vitunzwe serikalini, vingine viuzwe na fedha iingie hazina. Angalieni karatasi zilizozaliwa hapo: barua ya Sayyid, barua ya rais kwa Bunge, azimio. Hakuna hata moja ya kukunja na kuitia mfukoni. Zinaingia kwenye kumbukumbu za Bunge na za Wizara ya Mambo ya Nje, na huko ndiko zinakotafutwa. Taarifa za makonsuli wao wa Zanzibar kuanzia 1836 nazo zimo katika kumbukumbu za wizara hiyo, zikiwa zimenakiliwa kwenye filamu. Kwa mtafiti wa Kizanzibari nina neno moja tu: tafuta pia kwenye "Muscat". Wamarekani walimwandika Sayyid Said "Imamu wa Muscat", hata pale alipokuwa amekaa Mtoni anatazama bahari.

Kwa hiyo hata zama zile kulikuwa na karatasi za ofisi na karatasi za rais. Tofauti ni kwamba za ofisi zilibaki wizarani na Bungeni, na zilizokuwa mezani kwa rais mwenyewe zilihesabiwa ni zake, pamoja na barua za kazi. Alipomaliza muda alizifunga akaenda nazo nyumbani, na akifa zinarithiwa kama ng'ombe. Kwa hiyo lile kundi la pili kwenye WhatsApp lilisema kweli.

Lilichosahau ni kwamba sheria ilibadilika. Franklin Roosevelt alitoa karatasi zake kwa taifa kwa hiari mwaka 1939 na kuanzisha maktaba ya kuzitunza, waliomfuata wakaiga, lakini ilikuwa bado ni hisani. Mwaka 1974 Richard Nixon alijiuzulu kwa kashfa ya Watergate na akafanya mpango ambao ungemwezesha kuharibu kanda za sauti zilizorekodiwa Ikulu. Bunge likamwahi kwa sheria inayomhusu yeye peke yake, na Mahakama Kuu ikaikubali 1977. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya marais wote, iliyoanza kutumika kwa aliyeingia madarakani Januari 1981, yaani Ronald Reagan. Tangu hapo kumbukumbu za kazi za rais ni mali ya nchi tangu zinapoandikwa, na saa anayoondoka zinakuwa mikononi mwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Shajara yake, barua za mkewe na mambo ya kampeni ya chama yanabaki kuwa yake. Kile kikaratasi cha dereva nacho kimepatiwa dawa: tangu 2014, rais au msaidizi wake akituma jambo la kazi kwa anwani yake binafsi ya barua pepe, anatakiwa ndani ya siku 20 awe ameipeleka nakala kwenye anwani ya serikali. Jefferson na Du Pont wangekuwa na maelezo ya kutoa.

Na ile kesi ya Trump? Mashtaka aliyofunguliwa 2023 hayakuwa ya sheria hii ya kumbukumbu. Yalitegemea zaidi sheria ya siri za ulinzi, na jaji aliyafuta Julai 2024. Waliobishana kwa kumtaja Washington na waliobishana kwa kutaja wizi wote walikuwa wanacheza kwenye uwanja wa jirani.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi ya kesi, nalo ni maneno ya kupachikwa. Mtakuwa mmeiona picha ya Jefferson yenye nukuu hii: wananchi wanapoiogopa serikali huo ni udhalimu, serikali inapowaogopa wananchi huo ni uhuru. Tamu kweli kweli. Jefferson hakuiandika popote. Watafiti wa Monticello wameifuatilia wakaikuta kwenye mdahalo uliochapishwa 1914, ikiwa ni maneno ya John Basil Barnhill, karibu miaka 90 baada ya Jefferson kufa. Kumpima anayekuletea nukuu ni rahisi: muulize iliandikwa kwa nani, tarehe ngapi. Barua ina mpokeaji na ina siku. Kisha ingia Founders Online, hazina ya bure iliyofunguliwa 2013 ambamo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa imeweka barua za Washington, Adams, Jefferson, Madison na wenzao, uandike maneno yenyewe. Usishtuke ukikuta Jefferson anaanza sentensi kwa herufi ndogo na anakosea alama ambayo mwalimu wako wa Kiingereza angekuchapia. Ndivyo alivyoandika, na wahariri wameacha hivyo hivyo. Nukuu yake ikiwa imenyooka kama tangazo la sabuni, hapo ndipo pa kutia shaka.

Sanduku lenyewe la karatasi za rais je, lilikwenda wapi?

La Washington liliteseka. Mwanahistoria Jared Sparks aliazimwa karatasi zake akazichukua hadi Boston, na wapenzi wa saini za watu mashuhuri walipomwomba kitu cha ukumbusho, akawagawia. Kulikuwa na rasimu ndefu ya hotuba ya kwanza ya Washington kama rais, ambayo haikutumika, yenye kurasa zaidi ya 60 kwa mkono wake. Sparks aliona haina maana, akaikata vipande vipande na kuvigawa kama nyama ya Idi. Wahariri hadi leo wanaunganisha vilivyopatikana.

La Jefferson lilipata ajali ya namna nyingine, ya watu wenye nia njema. Alikufa 4 Julai 1826 akiwa na deni la dola zaidi ya 100,000. Januari 1827 watumwa 130 wa Monticello walipigwa mnada. Karatasi zilimwangukia mjukuu wake, Thomas Jefferson Randolph, na mwaka 1848 serikali ikazinunua kwa dola 20,000. Lakini serikali ilitaka za umma tu. Mtu akapewa kazi ya kuzichambua: hizi za taifa, hizi za familia. Za umma zilikaa Wizara ya Mambo ya Nje, na mwanzoni mwa karne ya 20 zikahamia Maktaba ya Bunge. Zilizoonekana ni mambo ya nyumbani zilirudishwa kwa familia mwaka 1871, na 1898 kitukuu wake akazitoa kwa Chama cha Historia cha Massachusetts, mjini Boston. Ndiyo maana mtu akitaka kumsoma Jefferson mzima inambidi aende angalau miji miwili.

Katika fungu hilo la "mambo ya nyumbani" kulikuwa na daftari la shamba, alilolianza 1774. Lina hesabu za mahindi, nyama na samaki wa mgawo, yadi za kitambaa, na nani amepewa blanketi mwaka gani. Na lina majina. Jefferson alimiliki katika maisha yake watu zaidi ya 600, na aliwaorodhesha kwa familia, mama kwanza, watoto chini yake, kila mmoja na mwaka wa kuzaliwa kwa tarakimu mbili. Unaposhuka kwenye orodha unamkuta Sally, 73. Chini yake Beverly, 98. Harriet, 01. Madison, 05. Eston, 08.

Ni Sally Hemings, mmoja wa watumwa wake. Mwaka 1998 vipimo vya vinasaba vya uzao wa Eston vilikutana na vya ukoo wa kiume wa Jefferson, na miaka miwili baadaye taasisi inayotunza Monticello ikakubali kwamba kwa uwezekano mkubwa mwandishi wa daftari alikuwa baba wa watoto wake wote sita wanaofahamika. Katika orodha, kama ilivyokuwa kwa familia karibu zote, hakuna nafasi ya jina la baba. Anayechambua alilipima daftari hilo, akaona ni mahindi na mablanketi, akaliweka upande wa karatasi zisizolihusu taifa.

Maelfu ya barua rasmi ziko Washington, zimepangwa, zimepigwa picha. Watu wanaokwenda Boston wanaomba daftari la shamba.